Dhahiri kwa Nani, na Lini? Kupima Dai la Hataza la Mchakato wa Kemia

"Si hii inajulikana tu?" Hilo ndilo jibu ninalolisikia mara nyingi zaidi hapa Nairobi mtu akionyeshwa dai la hataza (patent), yaani sentensi inayoeleza kile mvumbuzi anachotaka kukimiliki, linalohusu mchakato wa kemia. Hulisema wahandisi wa viwanda vya Industrial Area, hulisema mawakili waliopelekewa barua ya onyo na mteja aliyeingiwa na hofu, na wahadhiri nao hulisema kuhusu kazi za wanafunzi wao wenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo wanavyofikiri: kitu kikiwa wazi, kiko wazi.

Mimi ni mkemia, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusoma madai ya hataza na kuwaambia watu ukweli kabla hawajalipa ada. Jibu lile mara nyingi huwa sahihi. Tatizo langu nalo ni kwamba hutolewa kabla ya kazi kufanywa, na kazi yenyewe ni nzito. Akikosea anayepima, mambo mawili huweza kutokea, na yote ni mabaya. Kijana aliyegundua jambo la kweli huenda nyumbani mikono mitupu, au kampuni kubwa hupewa miaka 20 ya kumiliki jambo ambalo fundi yeyote wa maabara angelifikia wiki ijayo, na mtengenezaji wa dawa au sabuni wa hapa akazuiwa kulifanya.

Sheria yetu, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, inalisema jambo hili katika kifungu cha 24. Uvumbuzi una hatua ya uvumbuzi ikiwa, ukipimwa mbele ya maarifa yaliyotangulia, haungekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi katika fani hiyo siku ombi lilipowasilishwa, au siku ya kipaumbele kama ipo, yaani siku ya ombi la kwanza lililowasilishwa kwingine. Sentensi hiyo imebeba mambo matatu ambayo wasomaji wengi huyaruka: ni maarifa gani, ni mtu gani, ni siku gani. Kwangu mimi siku ndiyo ngumu kuliko yote. Dai hulisoma leo, jibu likiwa tayari mezani, na akili ya binadamu ikishaliona jibu hushindwa kurudi mahali ilipokuwa haijalijua.

Dai la mchakato wa kemia lina ugumu wake wa pekee. Ukiletewa dai la chombo, unakitazama: hiki ni kifuniko, hii ni bawaba. Dai la mchakato huwa na malighafi ya kuanzia, kitu cha kuimenyua (yaani cha kuifanyia mmenyuko wa kemia), kichocheo, kiyeyusho, joto, shinikizo, muda, na mwisho zao linalopatikana. Karibu kila kipande ukikitazama peke yake kimo ndani ya kitabu fulani. Joto la nyuzi 60 limo kitabuni, asidi imo, methanoli imo. Anayepima kwa kuokota vipande atasema kila mchakato duniani ni dhahiri, maana kemia yote imejengwa kwa vipande vinavyojulikana.

Kwa hiyo maswali ninayojiuliza ni haya. Siku ile, mtu wa fani alikuwa na sababu gani ya kuviunganisha vipande hivi kwa namna hii? Na alikuwa na msingi gani wa kutarajia kwamba vikiunganishwa vitafanya kazi? Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina njia yake ya kuliweka jambo hili, nami naipenda: haitoshi kwamba mtu wa fani angeweza kufanya hivyo, lazima ionekane kwamba angefanya, akiwa na tatizo lile mbele yake. Katika maabara yenye chupa mia tano rafuni, unaweza kumwaga chochote ndani ya chochote.

Kesi ya Marekani ya 1955 inayojulikana kwa jina la Aller inafaa kusomwa na kila mkemia. Waombaji walikuwa wanatengeneza fenoli kwa kuvunja hidroperoksidi ya kumeni kwa asidi ya sulfuriki. Njia yenyewe ilikuwa imeshachapishwa: nyuzi 100 za Selsiasi, asidi ya 10%. Wao wakadai nyuzi kati ya 40 na 80, na asidi kati ya 25% na 70%. Walikuwa wamepata mavuno bora kuliko ya awali, na hilo halikukanushwa. Mahakama ikakataa. Ikiwa hali za jumla za mchakato zimeshajulikana, ilisema, kutafuta kiwango kinachofaa zaidi kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi.

Naikubali hukumu hiyo bila kusita. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua kwamba jambo la kwanza ukipokea mchakato mpya ni kugeuzageuza joto na ukali wa asidi hadi mtambo utulie. Hiyo ni kazi ya kila siku ya mkemia, na mshahara wake ndio malipo yake. Uamuzi wa 2018 kati ya DuPont na Synvina ulifuata njia hiyo hiyo. Dai lilihusu kuoksidisha kemikali itokanayo na sukari ili kupata malighafi ya plastiki za chupa, kwa nyuzi kati ya 140 na 200, oksijeni ya shinikizo la bari 1 hadi 10, ndani ya asidi ya asetiki, kwa kichocheo cha kobalti, manganisi na bromini. Vipimo vya zamani viligusana na hivyo vya dai, na mahakama ya rufaa ikasema ni dhahiri.

Lakini kanuni hiyo ina mlango, na watu wengi wa hapa hawaujui. Mwaka 1977, katika kesi ya Antonie, dai lilihusu kusafisha majitaka kwa visahani vinavyozunguka ndani ya tangi. Mwombaji alitaja uwiano fulani kati ya ujazo wa tangi na eneo la visahani. Mkaguzi wa ofisi ya hataza akasema: huko ni kutafuta kiwango kinachofaa tu. Mahakama ikauliza swali zuri sana: nani kabla ya mtu huyu alikuwa anajua kwamba uwiano huo ndio unaoamua kiasi cha usafishaji? Hakuna. Huwezi kusema mtu angekipima kitu kwa kawaida ikiwa hakuna aliyejua kwamba kitu hicho kina kazi. Mkaguzi akiniandikia kwamba joto au muda ni suala la majaribio tu, hapo ndipo ninapokwenda moja kwa moja. Je, maandiko ya awali yalionyesha kwamba kipimo hiki kinabadilisha matokeo? Kama ndiyo, nakubali yaishe. Kama sivyo, mazungumzo bado.

Sasa nije kwenye suala linalonigusa zaidi, la malighafi mpya kwa njia ya zamani. Mkemia ametengeneza molekuli mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Anaimenyua kwa njia iliyo ndani ya kila kitabu cha mwaka wa pili, na anapata zao jipya. Je, mchakato huo ni dhahiri kwa sababu njia yake ni ya kawaida?

Mwaka 1985, katika kesi ya Durden, mahakama ya rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza ilisema ndiyo. Malighafi ilikuwa mpya na yenye hataza, zao lilikuwa jipya na lenye hataza, lakini mmenyuko ulifanana na wa zamani, basi mchakato ukakataliwa. Miaka 10 baadaye ikaja kesi ya Ochiai. Hapo asidi mpya iliunganishwa na amini (aina ya kemikali yenye naitrojeni) ili kupata antibayotiki ya kundi la sefalosporini. Mkaguzi alikuwa na maandiko sita yanayoonyesha asidi za namna hiyo zikiunganishwa na amini za namna hiyo. Mahakama ikasema hakuna kanuni ya jumla ya kukataa kwa mkupuo. Dai lisomwe lote kama lilivyo, malighafi yake ikiwemo, na swali liulizwe upya kwa kila dai.

Kwangu Ochiai ndiyo kemia ya kweli. Mtu wa fani siku ile hakuwa na ile asidi, na wala hakujua kwamba iko duniani. Kumwambia kwamba lilikuwa jambo la wazi kuitumia ni kumpa akili ya mtu mwingine, akili ya yule yule aliyeivumbua. Na mchakato si kitenzi kitupu. Kuunganisha asidi na amini ni jina tu la kundi la mimenyuko. Mchakato ni kuunganisha asidi hii na amini hii ili kutoka kitu hiki. Bado nakutana na barua za ukaguzi zinazofikiri kama Durden, zinazosema mmenyuko wa esta ni mmenyuko wa esta, basi. Nazijibu kwa subira, kipande kwa kipande, na nawasihi wanaoanza kazi hii wafanye vivyo hivyo.

Kuna hadithi moja ya kweli ninayowapa wanafunzi wanaodhani kuona nyuma, yaani kulipima jambo la jana kwa jibu la leo, ni rahisi kuepuka. Ni ya amonia, mama wa mbolea zote za DAP, CAN na urea ambazo mkulima wa Trans Nzoia hununua kila msimu wa mvua. Naitrojeni moja na haidrojeni tatu hutoa amonia mbili, yaani molekuli nne za gesi hugeuka mbili. Mfaransa Henry Le Chatelier alikuwa ameeleza tangu 1884 kwamba ukiongeza shinikizo, mmenyuko husukumwa upande wenye gesi chache. Mwanafunzi wa kidato cha nne leo ataandika hivyo kwenye mtihani na kupata alama zote. Basi kutengeneza amonia kwa shinikizo kubwa si ni dhahiri?

Le Chatelier mwenyewe, mwenye kanuni, alijaribu mwaka 1901. Mtambo ukalipuka, akaacha. Walther Nernst akafanya majaribio kwa shinikizo la angahewa zipatazo 50 na zaidi, na hesabu zake zilimwonyesha kwamba amonia inayopatikana ni kidogo mno kuwa na faida. Fritz Haber na msaidizi wake Robert Le Rossignol walikwenda karibu angahewa 200, wakatumia osmiamu kama kichocheo, wakaipoza amonia iliyotoka na kuirudisha tena mtamboni gesi iliyobaki. Tarehe 2 Julai 1909, mjini Karlsruhe, Alwin Mittasch wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, alisimama akaiona amonia ya majimaji ikidondoka. Kufikia Septemba 1913 kiwanda cha Oppau kilikuwa kinafanya kazi.

Kampuni nyingine ya kemikali ya Ujerumani, Hoechst, ikaenda mahakamani kuomba hataza ya Haber ifutwe. Hoja yake, kwa maneno ya leo: si hii inajulikana tu? Nernst alikuwa ameshatumia shinikizo, na kanuni ilikuwepo. Mwaka 1912, mjini Leipzig, Nernst mwenyewe alifika kutoa ushahidi, na akaitetea hataza ya Haber. Hoja ya Hoechst ikaanguka. Niongeze jambo ambalo wanaoisimulia hadithi hii hulisahau: Nernst alikuwa na mkataba wa malipo na BASF wakati huo. Ushahidi wa mtaalamu upimwe pamoja na mfuko wake. Lakini hata ukimwondoa Nernst kabisa, ukweli wa maabara unabaki pale pale. Wajuzi wakubwa kuliko wote wa zama zile walikuwa na kanuni mkononi na hawakufika. Kanuni ilitoa sababu ya kujaribu. Haikutoa tumaini la kufaulu, na mambo hayo mawili ni tofauti.

Ni haki pia niseme upande wa pili. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikumbusha kwamba mtu wa fani si mashine. Ana ubunifu wake wa kawaida, na akiwa na tatizo lenye njia chache zinazojulikana na matokeo yanayotabirika, atazijaribu zote. Nakubaliana nayo. Ukiniletea dai ambalo sehemu yake pekee mpya ni kiyeyusho, na viyeyusho vinavyofaa ni vinne na vyote vimo kitabuni, sitakupeleka South C kwenye ofisi za KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, ukapoteze pesa. Kwa kazi ndogo za namna hiyo sheria yetu ina njia nyingine, cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hakidai hatua ya uvumbuzi, kinatosheka na upya na uwezo wa kutumika viwandani, na hudumu miaka 10. Wengi wangefaidika nacho kama wangeambiwa mapema.

Nitumie mfano wa hapa nyumbani. Nautunga mwenyewe, kwa sababu siri ya mtu ambaye hajawasilisha ombi haiandikwi mtandaoni. Kuitoa hadharani ni kuuhatarisha upya wake.

Tuseme dada mmoja mkemia anataka kutengeneza dizeli kutoka mbegu za mukinduri, ule mti unaoangusha kokwa kando ya barabara zetu nyingi. Mafuta yake huchanganywa na methanoli, molekuli sita kwa moja ya mafuta, kwa nyuzi 60 hivi, maana methanoli huchemka karibu na 65. Kichocheo cha kawaida ni soda kali. Yeye badala yake anatumia majivu ya maganda ya ndizi. Dai lake la kwanza ni hilo tu: mafuta ya mukinduri, methanoli, majivu ya ndizi, nyuzi 60 hadi 65.

Hapa nawaza jikoni Magharibi mwa Kenya. Bibi anachoma maganda ya ndizi au mabua ya maharagwe, anaweka majivu ndani ya chombo chenye matundu chini, anamimina maji juu, na matone ya rangi ya chai yanaanguka kwenye sufuria. Huo ni munyu, wa kulainishia mboga. Ukiugusa ni utelezi kama sabuni, kwa sababu ni alikali, imejaa chumvi za potasiamu. Kifungu cha 23 cha sheria yetu hakisemi maandishi peke yake. Maarifa yaliyotangulia ni kila kilichofikia umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa matumizi. Munyu wa bibi umo, na una uzito sawa na makala ya jarida. Ongeza kwamba majivu ya mimea kama kichocheo cha dizeli ya mafuta yameshachapishwa, na kwamba tasnifu iliyokaa maktabani Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, inahesabiwa hata kama haijawahi kuazimwa na mtu. Mtu wa fani alijua anahitaji alikali, alijua majivu ni alikali, na wengine walikuwa wameshayatumia kwa kazi hiyo hiyo. Dai la kwanza ni dhahiri. Ningemwambia hivyo kwa heshima, na ningemwambia siku hiyo hiyo.

Dai la pili linataja majivu yaliyochomwa kwa nyuzi 700 kwa saa nne. Hilo linamfuata Aller. Kila anayetengeneza kichocheo cha majivu anajua joto la kuchomea hubadilisha nguvu yake, kwa hiyo kulipima ni kazi ya kawaida.

Dai la tatu lingenifanya nivute kiti. Tuseme mafuta yake ni ya mbegu zilizokaa ghalani, zenye asidi huru nyingi. Kila kitabu kinaonya kwamba mafuta kama hayo yakikutana na alikali hutoa sabuni, mchanganyiko unakuwa uji usiotengana, na dawa yake ni kuyatibu kwanza kwa asidi. Kila kitabu pia kinaonya kuhusu maji. Tuseme yeye aliruka hatua ya asidi, akaacha unyevu makusudi, na kwa majivu yale dizeli na gliserini zikatengana safi. Hapo maandiko yote yalikuwa yanamfukuza mtu wa fani kutoka njia ile. Sababu ya kujaribu haikuwepo, na matarajio yalikuwa kinyume. Hilo ningelitetea hadi Mahakama ya Mali ya Viwandani.

Ningelitetea kwa sharti moja, kwamba vipimo vipo. Ningemwomba arudie jaribio kwa mafuta yale yale, asidi huru ile ile, unyevu ule ule, mara moja kwa soda kali, mara moja kwa kabonati ya potasiamu ya dukani, na mara moja kwa majivu yake, yote yakae sambamba kwenye jedwali moja. Kabonati ya dukani ikifanya vile vile, basi siri haiko kwenye majivu na dai liandikwe upya. Na aandike yaliyoshindikana pia, kwa tarehe, kwenye daftari la kurasa zenye nambari, maana siku mkaguzi atakaposema lilikuwa jambo la wazi, kurasa za watu waliojua fani na hawakufaulu ndizo zitakazojibu, za kwake zikiwa miongoni mwao.

Kisha tungekaa na rasimu yake. Kwa kawaida mvumbuzi huandika "majivu ya mmea wowote, kwa joto lolote linalofaa", akitaka eneo pana. Vipimo vyake vinahusu maganda ya ndizi, kwa nyuzi 60 hadi 65, na unyevu wa kiwango alichopima. Jambo lisilotarajiwa limeonekana hapo tu, na dai lisivuke hapo. Ningefuta "mmea wowote", na kama angekuwa na hamu ya kulirudisha, ningemtuma akachome mabua ya maharagwe kwanza na kuniletea jedwali la pili.